Kupiga Windows 7 kwenye kompyuta mpya zaidi: mwongozo kamili, kuanzia draiva hadi nakala ya mwisho

Mama mmoja anayedarizi nembo za sweta za shule aliniletea kompyuta ya mezani aliyoinunua mtumba: Core i5-6500, RAM ya 8 GB, diski ya NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye madabodi). Ile ya zamani ilikuwa imeungua madabodi, na programu ya mashine yake ya kudarizi haikubali kitu kingine zaidi ya Windows 7. Fundi wa kwanza alikuwa amemrudishia na maneno mawili: "Kompyuta imegoma." Alipochomeka flashi, skrini ya kuchagua lugha ilitokea vizuri, ila kibodi na kipanya vikawa vimekufa kabisa. Alibadilisha kibodi tatu.

Kibodi hazikuwa na kosa, na kompyuta haikugoma. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009 na ndani yake hamna draiva (programu inayoifundisha Windows kuongea na kifaa) ya USB 3.0. Zamani hilo halikusumbua, maana madabodi zilikuwa na kidhibiti cha USB 2.0 pembeni, kinachoitwa EHCI, na Windows 7 inakifahamu. Mwaka 2015 Intel walipoleta madabodi za mfululizo wa 100 kwa ajili ya prosesa za kizazi cha 6, wakakiondoa. Kila tundu la USB sasa linapita kwenye kidhibiti kipya, xHCI, ambacho kisakinishi cha Windows 7 hakijawahi kukisikia. Diski ya NVMe ni hadithi hiyo hiyo. Kwa hiyo kazi ya leo ni kumlisha huyu mzee vitu vilivyozaliwa baada yake, na kumlisha kabla hujachomeka flashi. Ukishafika kwenye skrini ya kuchagua lugha bila kujiandaa, umechelewa.

Kwanza amua kama inafaa

Angalia namba ya prosesa. Kwenye Core i5-6500, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: hiki ni cha 6. Hapo uko salama, maana Intel walitoa draiva za Windows 7 za picha (HD Graphics 530), za USB na za chipu zote za madabodi. Hiki ndicho kizazi cha mwisho ambacho Microsoft na Intel walikitambua rasmi kwa Windows 7.

Kizazi cha 7 na Ryzen za kwanza zinawezekana kwa jasho. Kuanzia Aprili 2017 Microsoft walifunga masasisho ya Windows 7 kwa prosesa hizo, hivyo utapata ujumbe kuwa prosesa yako imetengenezwa kwa ajili ya Windows mpya. Kizazi cha 8 na kuendelea sikushauri. Draiva rasmi ya picha haipo, na utabaki na skrini iliyovutika kama kioo cha kinyozi, labda uweke kadi ya picha ya Nvidia kama GT 1030, ambayo draiva yake ya Windows 7 ipo. Kompyuta ambazo BIOS yake (programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha kompyuta) haina kabisa kipengele cha CSM, kile cha kuwasha mifumo ya zamani, ziache. Nitaeleza sababu mbele.

Halafu jiulize kama kweli unahitaji kuipiga moja kwa moja kwenye diski. Ikiwa programu yako inaongea na mashine kwa USB tu, jaribu kwanza VirtualBox juu ya Windows 10 au 11: tengeneza kompyuta pepe ya Windows 7, ipe kori 2, RAM ya 3 GB na diski ya 40 GB, sakinisha Guest Additions, kisha kwenye mipangilio ya USB ongeza kichujio cha kifaa chako. Nusu ya wateja wangu wanaishia hapo na wanalala vizuri. Kompyuta pepe haihitaji lolote kati ya yale yanayofuata, kwa sababu VirtualBox inaiigizia Windows 7 vifaa inavyovijua. Wanaoshindwa ni wale wenye mashine za tundu la printa la zamani, lile pana la pini 25, na wenye programu ambazo zikigundua ziko ndani ya kompyuta pepe zinakataa kuwaka. Yule mama alikuwa kundi hili la pili.

Vitu vya kukusanya

Utahitaji kompyuta nyingine yenye Windows 10, flashi ya 8 GB au zaidi, na ISO (faili moja lenye DVD nzima ndani yake) ya Windows 7 SP1 ya biti 64. SP1, yaani Windows 7 yenye mkusanyo mkubwa wa kwanza wa masasisho, ni lazima. ISO itoke kwenye DVD halisi au chanzo unachokiamini, pamoja na namba ya leseni, ambayo mara nyingi iko kwenye stika ya kompyuta ya zamani. Zile ISO zinazouzwa kwenye flashi madukani, "zimeshapigwa kila kitu", kaa nazo mbali. Niliwahi kununua moja nikiwa na haraka, na ndani yake mlikuwa na programu iliyojiwasha yenyewe kila kompyuta inapowaka. Kwa kompyuta ya biashara ya mtu, Windows iliyochakachuliwa ni kumwekea mwizi kitanda.

Kisha draiva. Kama kompyuta unayotaka kuipiga bado ina Windows 10 inayowaka, itumie kabla hujaifuta. Fungua Device Manager, tafuta kidhibiti cha USB, bonyeza Properties, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama VEN_8086&DEV_A12F. 8086 ni Intel, na A12F ni kidhibiti cha xHCI cha mfululizo wa 100 wa kompyuta za mezani. Andika namba hizi kwa USB, kadi ya mtandao, picha na sauti.

Sasa nenda kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji wa kompyuta, chagua modeli yako, na upande wa mfumo endeshi chagua Windows 7 64-bit. Shusha draiva za USB 3.0, mtandao, chipseti, picha na sauti. Zifungue kwa 7-Zip mpaka uone mafaili ya .inf, kisha fungua faili hilo kwa Notepad na utafute ile namba, A12F. Ikiwemo, draiva ni yako. Isipokuwemo, hata jina lake lingefanana vipi, haitafanya kazi. Hatua hii ndogo inaokoa siku nzima. Kwa Intel mafaili unayoyatafuta ni iusb3xhc.inf na iusb3hub.inf. Yote mawili, kwa sababu la kwanza linaamsha kidhibiti na la pili linaamsha matundu. Penda draiva za miaka ya 2015 hadi 2017, maana za baadaye nyingi zina saini ya kidijitali ya aina ya SHA-2 pekee, ambayo Windows 7 mbichi haiwezi kuisoma.

Mwisho, viraka vya Microsoft, yaani masasisho ya kutibu kasoro, kila kimoja na namba yake ya KB. Kwa diski ya NVMe unahitaji KB2990941 (toleo la v3), unaoleta draiva ya NVMe, na KB3087873, unaotibu skrini ya bluu iliyoletwa na huo wa kwanza. Kwa saini za SHA-2 unahitaji KB4490628 na KB4474419. Kama diski yako ni SATA ya kawaida, hivyo viwili vya kwanza huvihitaji.

Kulisha kisakinishi

Kwenye kompyuta ya Windows 10 tengeneza folda C:\w7 na ndani yake nne: iso, mount, usb, kb. Bofya ISO mara mbili ifunguke kama diski, nakili kila kilichomo uweke C:\w7\iso. Draiva za USB ziweke kwenye usb, viraka kwenye kb. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi. Mafaili yaliyotoka kwenye ISO huja yamefungwa yasiandikwe, hivyo anza na:

attrib -r C:\w7\iso\sources\*.wim

Kuna mafaili mawili ya kushughulikia, na hapa ndipo watu hupotea. Faili la boot.wim ndilo kisakinishi chenyewe, kile unachokiona ukichagua lugha na diski. Faili la install.wim ni Windows itakayokaa kwenye diski baadaye. Ukilisha la kwanza ukaacha la pili, kipanya kitafanya kazi vizuri kabisa mpaka kompyuta ijiwashe upya, kisha ukifika pale pa kuandika jina la mtumiaji kinakufa. Nimeona mtu akilia pale.

Anza na boot.wim. Ndani yake mna sehemu mbili, na kisakinishi ni ya 2. Tutalifungua ndani ya folda ya mount kwa dism, chombo cha Windows chenyewe cha kuhariri mafaili ya wim:

dism /Mount-Wim /WimFile:C:\w7\iso\sources\boot.wim /Index:2 /MountDir:C:\w7\mount

dism /Image:C:\w7\mount /Add-Driver /Driver:C:\w7\usb /Recurse

Kwa NVMe ongeza viraka, kimoja kimoja, kwa kufuata mpangilio:

dism /Image:C:\w7\mount /Add-Package /PackagePath:C:\w7\kb\Windows6.1-KB2990941-v3-x64.msu

Rudia amri hiyo kwa KB3087873. Kisha funga folda zote ulizozifungua ndani ya mount, kwa sababu dirisha moja la folda likibaki wazi linatosha kuharibu kufunga, halafu:

dism /Unmount-Wim /MountDir:C:\w7\mount /Commit

Ikigoma katikati, tumia /Discard badala ya /Commit, andika dism /Cleanup-Wim, uanze tena.

Sasa install.wim. Humu mna matoleo kadhaa ya Windows (Home, Professional, Ultimate), kila moja na namba yake:

dism /Get-WimInfo /WimFile:C:\w7\iso\sources\install.wim

Angalia namba ya toleo ambalo leseni yako inalihusu, kisha fanya yale yale: mount kwa namba hiyo, ongeza draiva za USB, ongeza viraka viwili vya NVMe, na safari hii malizia na KB4490628 kisha KB4474419. Usigeuze mpangilio wa hivi viwili vya mwisho. Funga kwa /Commit. Inachukua muda, nenda kanywe chai.

Flashi, kisha BIOS

Usihangaike kutengeneza ISO mpya. Chukua Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia, ichome ISO ile ile ya asili kwenye flashi, kisha nakili boot.wim na install.wim ulizozilisha uziweke juu ya zile za flashi, kwenye folda ya sources. Rufus yenyewe inaongeza faili la kuwashia la UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta) ambalo DVD ya Windows 7 haina mahali panapotakiwa. Hakikisha tu install.wim yako haijavuka 4 GB, kwa sababu flashi ya FAT32 haipokei faili moja kubwa kuliko hapo.

Kwenye Rufus, diski ya NVMe inataka GPT (mpango mpya wa kugawa diski) na UEFI, maana kompyuta nyingi haziwezi kuwaka kutoka NVMe kwa njia ya zamani. Diski ya SATA ipe MBR (mpango wa zamani wa kugawa diski) na njia ya zamani ya kuwasha. Ni rahisi na ina maudhi machache.

Kabla hujagusa BIOS, jua kama diski ya sasa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Ukizima Secure Boot (kinga ya BIOS inayokataa mifumo isiyoitambua), itadai ufunguo wa dharura wa tarakimu 48, na asiyeuandika hawezi kuyapata mafaili yake. Hifadhi nakala ya kila kitu cha mteja kwanza, hata kama amekuambia hamna cha maana humo. Huwa kipo.

Ndani ya BIOS badilisha haya. Secure Boot izime, maana Windows 7 haiijui. Kwenye HP chaguo lenyewe huandikwa "Legacy Support Enable and Secure Boot Disable". Kwenye Asus unabadilisha OS Type iwe "Other OS". CSM iwashe, hata kama unasakinisha kwa UEFI. Sababu ni kwamba Windows 7 huchora skrini yake ya mwanzo kwa msaada wa huduma ya zamani ya BIOS, ile ya Int 10h, na CSM ndiyo inayoitoa. CSM ikiwa imezimwa utaona maneno "Starting Windows" na nembo imeganda hapo milele. Ndiyo maana nilisema kompyuta zisizo na CSM uziache. Zipo programu za kuidanganya Windows, lakini sifungi kazi ya mteja kwa kamba ya namna hiyo. Namna BIOS inavyoongea na diski (SATA) iwe AHCI, isiwe RAID wala Optane. Fast Boot izime. Diski nyingine zote zichomoe.

Kusakinisha

Chomeka flashi, washa, chagua flashi kwenye menyu ya kuwashia (F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo, F8 kwa madabodi za Asus). Kebo ya mtandao iache nje.

Kipanya kikitembea kwenye skrini ya lugha, nusu ya vita umeishinda. Chagua "Custom". Diski yako ikionekana kwenye orodha, hata NVMe imekubali. Kama unaifuta yote, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja upate dirisha jeusi, kisha:

diskpart
list disk
select disk 0
clean
convert gpt
exit

Soma ukubwa wa diski mara mbili kabla ya clean. Hakuna kinachouliza "una uhakika?". Kwa MBR acha mstari wa convert gpt. Funga dirisha, bonyeza Refresh, chagua nafasi tupu, endelea. Kompyuta itajiwasha upya zaidi ya mara moja. Usiiruhusu irudi kwenye flashi.

Mambo yakiharibika, dalili zinakuambia ulipokosea. "A required CD/DVD drive device driver is missing" karibu kila mara si habari ya DVD: ni draiva ya USB haimo kwenye boot.wim, kisakinishi hakioni hata flashi kilikotokea. Orodha ya diski ikiwa tupu, viraka vya NVMe havikuingia, au SATA bado iko kwenye RAID. Kipanya kikifa baada ya kuwaka upya, ni install.wim. Skrini ya bluu yenye 0x0000007E mara tu baada ya kunakili, umesahau KB3087873. Na ukikwama hapo kabisa, kibodi ya tundu la duara la PS/2, kama kompyuta inalo, inaweza kukuvusha mpaka ndani, kwa sababu haipiti USB.

Ukishaingia

Sakinisha chipseti kwanza, kisha USB kwa programu kamili ya mtengenezaji, kisha picha, sauti, na mtandao mwisho. Alama za njano kwenye Device Manager zikibaki, rudia ule ujanja wa namba za VEN na DEV.

Msaada wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020. Vishushe viraka vya mwisho kwa kompyuta nyingine kutoka Microsoft Update Catalog, uvilete kwa flashi: KB3020369, kisha KB3125574 ambao ni mkusanyo mkubwa wa 2016, kisha KB4536952, kisha KB4534310 wa siku ile ya mwisho. Washa upya kila ukiombwa. KB4534310 ulikuja na kituko chake, uliifanya picha ya mandhari iliyowekwa kwa "Stretch" igeuke nyeusi tupu, na Microsoft wakalazimika kutoa KB4539602 kuutengeneza, wiki chache baada ya kusema wamemaliza. Uongeze na huo.

Kuhusu intaneti: kompyuta ya kuendesha mashine haina haja nayo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita duniani kupitia tundu la usalama kwenye SMBv1 (njia ya zamani ya Windows ya kugawana mafaili), na kompyuta nyingi zilizoumia zilikuwa na Windows 7 ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka kilichokuwa kimeshatoka Machi mwaka huo. Viraka vya juu vinaliziba, lakini mlango wenyewe nao ufunge. Fungua PowerShell kwa haki za msimamizi:

Set-ItemProperty -Path "HKLM:\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\LanmanServer\Parameters" SMB1 -Type DWORD -Value 0 -Force

Kama ni lazima kuingia mtandaoni mara moja moja, tumia Firefox ESR 115, toleo la mwisho linalokubali Windows 7. Chrome iliishia 109. Benki, barua pepe na pesa za simu zifanyike kwenye simu au kompyuta nyingine. Yule mama nilimchomolea kebo ya mtandao kabisa, michoro yake inakuja kwa flashi.

Sakinisha programu ya mashine, ijaribu kwa kazi halisi, kisha kabla hujampa mwenyewe kompyuta yake, piga picha ya diski nzima kwa Clonezilla uiweke kwenye diski ya nje. Siku SSD ikifa, utarudisha picha hiyo kwenye diski nyingine ya ukubwa ule ule au zaidi bila kupitia hata amri moja ya dism. Ile flashi yenye wim mbili ulizozilisha nayo usiifute. Ya yule mama iko ndani ya kasha la kompyuta, imebandikwa kwa selotepu, na karatasi yenye namba ya leseni pamoja nayo.